Anzia chini ya gari: kununua pikapu kuukuu ya dizeli kwa kazi za Unguja na Pemba

Pikapu yangu ya kwanza niliinunua Unguja nikiwa nimevaa kanzu. Naitaja kanzu makusudi. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, gari imeoshwa, rangi nyeupe inametameta, injini inaimba. Nilifungua boneti, nikatikisa kichwa kama mjuzi, nikazunguka mara mbili, nikalipa. Kuingia chini sikuingia, maana kanzu ingechafuka.

Mwezi wa nne, nikiwa na mifuko 20 ya saruji njia ya Kengeja kule Pemba, nilisikia mlio kama nazi iliyoangukia bati. Chesisi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari yote, ilikuwa imekatika nyuma, pale springi inaposhikwa. Fundi aliparua kwa bisibisi, lami nyeusi ikabanduka, na chini yake kutu ya matabaka kama chapati. "Mwanangu," akaniambia, "wewe umenunua injini iliyofungwa kwenye kutu."

Tangu siku hiyo nimenunua gari nyingine mbili na nimekwenda kuwakagulia watu kadhaa. Ninalolishika ni hili: injini visiwani petu hutengenezeka. Spea za Toyota zipo, mafundi wapo, na injini nzima iliyotumika hupatikana ukiwa na subira. Chesisi iliyoliwa na chumvi na kadi ya usajili yenye utata ndivyo vitu viwili vitakavyokulaza macho. Kwa hiyo ukaguzi uanze chini ya gari, uende juu, umalizikie kwenye karatasi. Watu wengi hufanya kinyume.

Pima mzigo kabla ya kutafuta gari

Kaa na kalamu. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja kamili, na hapo hujahesabiwa wewe wala vijana wawili wa kupakia. Pipa la maji la lita 200 ni kilo 200, bila uzito wa pipa lenyewe. Mchanga ndio unaodanganya watu: mita moja ya ujazo ina tani moja na nusu hivi, na ukilowa mvua huzidi. Bodi la pikapu ya kebini moja likijaa mchanga mpaka ukingoni linabeba mita ya ujazo na ushei. Pikapu hizi zimetengenezwa kwa tani moja, nyingine pungufu. Piga hesabu mwenyewe.

Kama kazi yako ya kila siku ni mchanga, kokoto na matofali, acha pikapu, tafuta lori dogo kama Dyna au Canter. Pikapu ni gari ya ndizi, mwani, samaki, karafuu msimu ukifika, mbao chache, vyombo vya fundi, na saruji ya nyumba moja moja. Ukiilazimisha kazi ya lori itakufanyia, kisha itakuvunjikia siku usiyoitaka.

Kebini mbili inapendeza, familia inakaa, lakini bodi lake ni fupi. Gari ya kazi ni kebini moja. Na kuhusu kuvuta magurudumu manne: mtu wa Unguja anayekwenda barabara za lami na vijia vya mchanga mara nyingi haihitaji. Ni difu ya ziada (gia za kugawa nguvu kwa magurudumu), propela ya ziada na sili nyingine (pete za kuzuia oili) za kuvuja. Mtu wa Pemba anayeingia mashambani wakati wa masika, milima na udongo unaoteleza kama bamia, huyo namwelewa.

Soma kibati

Ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenga injini na kebini, kuna kibati cha chuma. Kwenye Hilux za zamani herufi za mwanzo za modeli zinakueleza gari ilizaliwa na injini gani. LN ni dizeli za jamii ya L: 2L, 3L na 5L. KZN ni 1KZ yenye tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. KUN ni zile za baadaye, 1KD na 2KD. RN na RZN ni petroli. Ukikuta kibati kinasema RN na chini ya boneti inanguruma dizeli, injini ilibadilishwa. Si kosa kubadilisha injini, ila kadi lazima ionyeshe mabadiliko hayo, na kama haionyeshi, tatizo hilo unalinunua wewe.

Mimi napenda LN yenye 3L au 5L. Haina tabo, haina kompyuta, pampu na nozo zake (vinyunyizio vya dizeli) ni za kimakanika na fundi wa shamba anazijua. Ni nzito kupanda mlima, sikatai. Ukiwa nyuma yake na haraka zako utasoma uradi mpaka umalize. 1KD na 2KD zina nguvu zaidi na hutumia mafuta vizuri, lakini nozo zake zinafanya kazi kwa mgandamizo mkubwa mno, hazivumilii dizeli yenye maji wala uchafu, na seti moja ya nozo mpya inaweza kukufanya uuze ng'ombe. Nissan yenye TD27 ni ngumu na haina mkanda wa taiming, ule unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni, inatumia gia. Kasoro ni kuwa spea zake utazitafuta kuliko za Toyota. Mitsubishi L200 yenye 4D56 ina mikanda miwili, wa taiming na mdogo wa mihimili ya kutuliza mtetemo. Ule mdogo husahaulika, ukikatika unaweza kuukata mkubwa. Land Cruiser yenye 1HZ sina neno nayo, isipokuwa bei.

Ingia chini

Nenda na tochi, nyundo ndogo, bisibisi, na gunia la kulalia. Vaa nguo za kazi. Mwenye gari akianza kukuambia "chini kuko salama kabisa, usijichafue," jichafue.

Visiwa vyetu ni vidogo, hakuna mahali palipo mbali na bahari. Hata hivyo kuna gari na gari. Iliyofanya kazi ya mwani au samaki imedondokewa maji ya chumvi kila siku, na chumvi hiyo huingia ndani ya bodi, ikapita kwenye matundu, ikatulia juu ya chesisi. Iliyokuwa ikishuka pwani kupokea boti imekanyaga maji yenyewe. Pikapu za hoteli za upande wa mashariki huwa zimefanyiwa sevisi kwa wakati, lakini zimelala miaka zikitazama upepo wa bahari. Gari iliyoishi Dole au Kizimbani katikati ya miti mara nyingi ina chini safi kuliko iliyoishi Jambiani pwani. Muulize mwenyewe gari imefanya kazi gani na imelala wapi. Kisha usiamini jibu, angalia.

Pita na nyundo taratibu kando ya chesisi, kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia, kikali. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kufa, kama kugonga papai. Mahali pa kukazania ni juu ya ekseli ya nyuma pale chesisi inapopinda, mahali springi zinaposhikwa mbele na nyuma, na pale bodi linapokaa juu ya chesisi, maana uchafu wenye chumvi hukaa hapo haukauki. Chesisi zenye umbo la boksi huoza kutoka ndani. Ingiza kidole kwenye matundu, kikitoka na magamba ya kutu, fikiri mara mbili.

Lami au rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu ni dalili, tena dalili mbaya. Parua. Mwenye gari akikataa usiparue, nenda zako. Tafuta pia viraka vya kuchomelea. Kiraka kilichochomelewa vizuri kwa bamba nene si mwisho wa dunia. Kiraka cha bati kilichofunikwa kwa puti ni uongo mtupu. Sumaku ndogo inasaidia kwenye bodi na milango: pasipo na chuma haishiki.

Ukiwa huko huko chini, hesabu springi. Zikizidi zile za kiwandani, au moja imeng'aa mpya kati ya kuukuu, gari imebebeshwa. Angalia kama gari imelalia upande. Tazama maji maji kwenye difu, giaboksi na ndani ya magurudumu ya nyuma. Oili inayolowanisha breki za nyuma inatokana na sili ya ekseli, na breki iliyolowa oili haikamati. Pitisha macho kwenye mabomba ya breki, yale membamba ya chuma. Kutu ya juujuu ni kawaida. Yakiwa yamevimba, yahesabu kwenye gharama.

Ukitoka hapo una nusu ya jawabu. Kama chesisi ni mbovu, usifungue boneti kabisa. Injini nzuri itakutia tamaa.

Injini, nayo iwe baridi

Mwambie mwenye gari usiku uliotangulia: asiiwashe mpaka ufike. Ukifika ukakuta boneti ina joto, rudi siku nyingine.

Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi, kamwe si ikiwa moto. Maji yawe safi, au ya rangi ya dawa yake. Ukiona utelezi wa oili juu, au rangi ya chai ya maziwa, gasketi au silinda hedi imepasuka. Injini za L na 1KZ zina sifa hiyo: zikichemka mara moja vizuri, hedi hupasuka. Maji ya visima vyetu yana chokaa nyingi, na mtu aliyejaza maji ya kisima miaka kumi ameziba njia za rejeta kwa ukoko kama wa birika la chai. Uliza pia kama thamostati, kidude cha kudhibiti joto la maji ya injini, ipo. Mafundi wengi huitoa gari ikianza kuchemka, badala ya kutafuta kwa nini inachemka.

Sasa iwashe. Hapa kuna mtego wa hali yetu ya hewa. Dizeli kuukuu nchi za baridi hujitia aibu asubuhi, haiwaki mpaka uipashe moto. Kwetu asubuhi ni joto, hata injini iliyochoka inawaka mara moja na mwenyewe anakuambia "unaona?" Usihukumu kwa hilo. Iache inguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili, weka kiganja juu. Pumzi kidogo si neno. Ikipuliza kwa nguvu, moshi unatoka mapigo mapigo, na kifuniko ukikilaza kinarukaruka, ringi za pistoni zimekwisha na ovahoo, kufumua injini yote, iko njiani.

Moshi: mweusi ukikanyaga mafuta ni nozo, pampu au chujio la hewa, na mara nyingi hutengenezeka. Bluu ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia ndani. Mweupe wa dakika ya kwanza usikutishe.

Uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Kwenye hizi Toyota za jamii ya L ni kila kilomita 100,000, na ndiyo maana kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT. Fungua swichi bila kuwasha uone kama taa hiyo inawaka pamoja na nyingine. Isipowaka kabisa, balbu imeungua au mtu kaitoa. Mkanda ukikatika kwenye injini za L, pistoni hugonga valvu. Jibu likiwa "huo bado mzuri" bila tarehe wala risiti, uhesabu kuwa haujabadilishwa. Kilomita za dashibodi ni hadithi tu. Tazama pedali za klachi na breki, raba zake zimelika kiasi gani, ndizo zenye kusema kweli.

Ipandishe mlima na mzigo

Kuzunguka mtaa si majaribio. Tia mzigo nyuma, hata mapipa mawili ya maji, uendeshe nusu saa. Pemba mlima hauutafuti, ukitoka tu uwanjani umeshaupata. Unguja pandisha upande wa Masingini. Sindano ya joto ipande mpaka karibu na katikati, itulie hapo. Ikiendelea kupanda mlimani, hayo ndiyo yatakayokukuta siku ya mavuno ya karafuu.

Klachi inayoteleza utaijua: injini inapiga kelele, gari haiongezi mwendo. Gia inayoruka ukiachia mafuta kwenye mteremko ni giaboksi. Ukifika chini simama, zima, subiri kidogo, washa tena ikiwa ya moto. Pampu iliyochoka huwaka vizuri baridi ikasumbua moto. Kisha angalia chini kama kuna kilichoanza kudondoka.

Karatasi, na watu

Sisi tunaaminiana, na wauzaji wengi ni jirani za jirani. Lakini chuoni, kwenye Qur'ani, tulifundishwa kuandikiana, tena mashahidi wawili, na aliyetufundisha alijua kwa nini.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye chesisi yenyewe, Hilux huwa upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Isafishe, isome namba kwa namba, linganisha na kibati na kadi. Fanya hivyo na namba ya injini. Namba iliyosagwa, au kipande cha chesisi kilichochomelewa pale pale penye namba, ni gari ya kukimbia hata ikiwa ya bure.

Kabla ya kutoa pesa nenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, na namba ya gari, ukathibitishe jina la mmiliki na kama kuna madeni. Mwenye kadi awe ndiye anayekuuzia, mkiwa uso kwa uso na kitambulisho chake. Kadi ikiwa imeshikwa na benki au mtu wa mkopo, mmalizane huko kwanza.

Jambo linalosahaulika ni gari ya marehemu. Pikapu za kazi hukaa kwenye familia miaka, mzee akifariki kijana mmoja anaiendesha, kisha anaiuza kama yake. Ile ni mali ya warithi wote, hata dada aliyeolewa Wete ana fungu lake. Taka karatasi ya mirathi, au pitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au upate saini za warithi mbele ya kadhi au wakili. Namjua mtu aliyepoteza gari namna hii, na pesa zake bado anazidai.

Gari yenye namba ya T kutoka Bara ina mambo yake ya ushuru na usajili ikija huku, kama ambavyo ya Z ikivuka kwenda kule ina yake. Uliza ofisini gharama yote kwanza, kisha ndipo useme ni rahisi.

Mkataba uandikwe: majina, namba zote, bei kwa tarakimu na maneno, arbuni iliyotolewa na salio, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ina maana, ajali ya asubuhi si yako kama umekabidhiwa jioni. Wakili ashuhudie, na sheha (kiongozi wa mtaa) wa muuzaji akijua ni bora zaidi, maana ndiye utakayemwendea kesho muuzaji akibadilisha simu.

Bei

Usitaje bei kwanza. Toa daftari, msomee ulichokiona: mkanda wa taiming, tairi mbili, sili ya ekseli, betri. Ulizia bei za vitu hivyo dukani kabla hujaja, ujumlishe mbele yake. Mtu mzima akisomewa hesabu hupunguza bila ugomvi. Dalali naye ana haki yake, mkubaliane mapema nani anamlipa, vinginevyo mtamlipa wote wawili. Na bakisha akiba. Ukitoa pesa zako zote kwenye gari kuukuu, wiki ya pili itakukuta umekaa barazani unaitazama. Bei ya dizeli ZURA, mamlaka inayodhibiti maji na nishati Zanzibar, huitangaza kila mwezi; itie kwenye hesabu ya nauli ya mzigo kabla hujaanza kuwaahidi wateja.

Kuivusha, na wiki ya kwanza

Ukiipeleka Pemba, ipande meli haina mzigo, na tangi lisiwe limejaa. Usiiache gari ikasafiri peke yake na nakala za karatasi zimebaki Unguja. Ikishuka bandari ya Mkoani jioni, ioshe chini kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) ya mfereji siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Wiki hiyo badilisha oili, chujio la oili, chujio la dizeli, na mkanda wa taiming hata wakikuapia. Chini ya chujio la dizeli kuna kidude cha kukusanya maji, kifungue mpaka yatoke yote. Suuza rejeta, jaza dawa yake na maji safi, si ya kisima. Piga grisi kila kinipo (kichuchu cha kuingizia grisi) cha chini mpaka grisi kuukuu itoke.

Chesisi isugue kwa brashi ya waya, upake rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ikauke siku mbili, ndipo ufunike kwa nyeusi. Kazi hii fanya kiangazi, unyevu wa masika ukinaswa ndani ya rangi unaoza huko huko. Watu hupuliza oili chafu chini ya gari, nami nimewahi. Inasaidia, ila fanya mbali na kisima, na siku mbili za mwanzo usiiegeshe mbele ya nyumba ya mama mkwe.